Ulimi wa Thelathini na Moja

Ulimi wa shamba la Nakijwa ulikuwa unasema udongo umeshiba, na udongo wenyewe ulikuwa haujapata tone siku kumi na moja. Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele. Anayelima anajua maana yake. Hindi huvumilia kiu likiwa changa, na huvumilia likishakomaa, lakini likikosa maji wakati wa mbelewele halishiki punje. Unabaki na mabua ya kulisha mbuzi.

Ulimi ule, kijiti kinachoonja unyevu wa udongo, niliuchomeka mimi.

Nakijwa alikuja kwangu asubuhi nikiwa nje nanoa keekee ya udongo. Mumewe, Elineema, alikuwa amezikwa siku ishirini na moja kabla. Alivaa kaniki na kandambili, na mkononi alishika bua moja la hindi, limeng'olewa na mizizi yake.

"Hodi, shemeji."

"Karibu. Habari za nyumbani?"

"Bado tuko mkekani. Wageni wanaendelea kuja." Akaniwekea lile bua juu ya meza ya kazi. "Shika mizizi."

Nikaishika. Ilikuwa mikavu kama kamba ya katani.

"Nimekwenda langoni kwangu jana na juzi," akasema. "Mgawaji ananiambia shamba langu ni chepechepe. Nikamwambia njoo ulione. Akasema ameliona."

"Anaona kwa ulimi."

"Ndiyo maana nimekuja kwa mwenye ndimi."

Nilichukua keekee tukaenda.

Shamba lao ni la thelathini na moja kwenye mfereji wa Ngulumbi, ekari mbili, chini ya mlima. Mfereji wote una mashamba arobaini na manne. Mimi nina la kumi na mbili. Tulipofika niliingia katikati, nikazungusha keekee mpaka kina cha mkono mmoja, nikaitoa. Ilileta vumbi. Nikapima mahali pengine, kisha pengine. Vumbi. Majani ya mahindi yalikuwa yamejikunja kama sigara, na ilikuwa saa tatu asubuhi, jua bado halijashika kasi.

Kisha nikaenda pembeni, upande wa nyumba, ulipo ulimi. Pale sikuhitaji keekee. Kiatu kilizama.

"Hapo ndipo mnapomwaga," nikasema.

"Hapo ndipo wazee walipochimba," akasema Nakijwa. "Ulikuwepo."

Nilikuwepo. Nitaeleza ilivyokuwa, halafu kila mtu aseme analotaka.

Kwetu maji ya kunawa msibani hayamwagwi njiani wala uani, watu wasije wakaukanyaga msiba. Wazee wa ukoo huchimba shimo moja pembeni ya shamba siku ya mazishi, na maji yote ya mikono humwagwa humo mpaka arobaini. Zamani watu walikwenda kwa wafiwa na unga na kuni. Siku hizi wanakwenda na maji. Nyumba moja hupewa lita ishirini kwa siku kwa kila kitu, kwa hiyo mtu akija na lita moja ya watu kunawia, ameleta kitu, na wafiwa hukumbuka. Elineema alikuwa mtu wa misiba. Hakuna kaburi lililochimbwa bonde lile kwa miaka ishirini bila yeye kushika sepetu. Kwa hiyo walikuja wengi, wengine kutoka mbali kabisa, kila mmoja na chupa yake, wakanawa, na maji yakaenda shimoni.

Mwezi ule ndimi zote za mfereji zilikuwa zimezeeka na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kubadilisha. Ndimi arobaini na nne kwa siku sita. Kwa Nakijwa nilifika siku ya tatu baada ya mazishi. Kwetu kaburi likiwa bichi jembe haligusi shamba la marehemu mpaka matanga yaanuliwe. Keekee si jembe, lakini sikutaka kuwa mtu wa kupasua ardhi ya Elineema mbele ya mama yake aliyekaa mkekani. Nikatafuta mahali palipokwisha kupasuliwa. Palikuwa mahali pamoja tu. Nikachomeka ulimi ukingoni mwa shimo la kunawia, nikashindilia, nikafunga kifuniko. Mama mkwe wa Nakijwa aliniona na akanishukuru kwa heshima niliyoonyesha.

Nilijiambia nitarudi baada ya matanga kuuhamisha. Lakini ulimi ukishakaa ardhini siku moja huota vinyweleo kama mizizi, ukashikana na udongo. Ukiung'oa vinyweleo hukatika, na Mgawaji hujua. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote Ngulumbi. Nilijiambia tu.

"Sasa nini?" Nakijwa akauliza.

"Tuanze langoni."

Lango ni sanduku la chuma lililofungwa juu ya bomba. Halina mpini wala kufuli, kwa sababu hakuna mtu anayeruhusiwa kulifungua. Ukiweka kiganja juu yake, linaongea.

"Habari za asubuhi, Fundi Kiangi," Mgawaji akasema. Ana sauti ya mtu aliyelala vizuri.

"Nzuri. Shamba la thelathini na moja. Kwa nini lango limefungwa?"

"Ulimi umeonja udongo ulioshiba siku saba mfululizo. Shamba lililoshiba siku saba hufungwa siku ishirini, maji yasikae, chumvi isipande juu. Zimebaki siku tisa."

"Mwenye shamba anasema ni kavu."

"Nimepokea lalamiko lake. Lalamiko juu ya ulimi hujibiwa na fundi aliyeuchomeka, kwa kiganja chake, langoni hapa, kabla jua halijazama siku ya tatu. Leo ni ya tatu. Je, ulimi wa thelathini na moja ulichomekwa katika udongo unaolimwa? Jibu ndiyo au hapana."

Nikaondoa kiganja.

Nakijwa alikuwa ananitazama. "Mbona hujibu?"

"Nikisema hapana, si shamba lako tu linaloguswa."

"Nieleze."

Nikamweleza. Watu wengi hawaijui sheria hii kwa sababu haijatumika hapa. Baada ya Mwaka wa Mapanga, watu kumi na tisa walipouana kwa ajili ya zamu za maji kwenye mifereji mitatu tu, maji yalikabidhiwa kwa mtambo huu wa Mgawaji ili pasiwe na mkono wa mtu. Lakini mkono mmoja ulibaki, wa fundi. Mwanzoni mafundi walihongwa. Walichomeka ndimi kwenye majivu na mchanga ili shamba la fulani lionekane lina kiu. Kwa hiyo ikaandikwa: mkono uliokosea ulimi mmoja hauaminiki kwa ndimi zote ulizochomeka. Fundi akikiri, au akibainika, ndimi zake zote hutiliwa shaka, na kila shamba hupewa theluthi ya maji yake mpaka wakaguzi waje. Wakaguzi huchukua wiki tatu. Tena wakija mapema.

"Zako ni ngapi?" akauliza.

"Zote. Arobaini na nne."

Akayatazama mashamba kufuata mfereji. Yote yalikuwa kwenye mbelewele, kwa sababu wote tulipanda wiki moja.

"Na ukisema ndiyo?"

"Litafunguliwa baada ya siku tisa."

"Baada ya siku tisa nitafungua maji ya kuoshea mabua." Hakupandisha sauti. "Shemeji, unajua shamba hili bado lina jina la Elineema. Nikivuna, litaandikwa langu. Nisipovuna, halina mwenyewe, linarudi kwenye mfereji. Mimi na mama mkwe tutakwenda wapi?"

"Najua."

"Nilitaka nisikie kwamba unajua."

Akarudi nyumbani kwa wageni wake. Mimi nikaenda kwa Bi Namsifu.

Bi Namsifu ni mwenyekiti wa mfereji mwaka wa saba sasa. Nilimkuta uani anapepeta kunde, na Sempombe amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Sempombe ana shamba la arobaini na nne, la mwisho kabisa, na maji humfikia yakiwa yamechoka. Nikawaeleza vyote, pamoja na shimo.

Sempombe akacheka kidogo. "Wewe uliitwa Kiangi, jina la kiangazi, tangu unazaliwa, ndipo sisi tukakupa kazi ya maji. Kosa ni letu."

"Nyamaza kwanza," Bi Namsifu akamwambia. Kisha kwangu, "Nani mwingine anajua?"

"Nakijwa."

"Basi anajua mmoja na wewe wa pili. Sisi hatujasikia."

"Mmesikia sasa hivi."

"Kiangi, hesabu na mimi. Ukisema hapana, yeye atapata theluthi. Theluthi kwa mahindi yaliyokaa siku kumi na moja bila maji yatafanya nini?"

"Yale ya bondeni yanaweza kupona. Labda nusu ekari."

"Nusu ekari. Na sisi arobaini na watatu tunapata theluthi wiki tatu, mbelewele zikiwa nje. Tutavuna nini?"

"Nusu. Pengine chini ya nusu."

"Huyu hapa?" Akamwonyesha Sempombe kwa kidevu.

"Sempombe hatavuna."

"Nashukuru kwa kunikumbuka," Sempombe akasema. Sasa hakuwa anacheka.

Bi Namsifu akaendelea kupepeta. Makapi yalikuwa yanamwangukia miguuni. "Hakuna anayesema Nakijwa aachwe. Kila nyumba itoe debe tatu wakati wa kuvuna. Debe tatu mara arobaini na tatu. Hata Elineema akiwa hai hakuwahi kuvuna mahindi mengi hivyo."

"Debe si mavuno," nikasema. "Mgawaji anataka mavuno yatoke shambani kwake. Kupitia kwenye mzani wa lango lake, kutoka kwenye bua lake."

"Ya jina la shamba tutaangalia."

"Hakuna wa kuangalia. Shamba linarudi kwenye mfereji. Maji yake tunagawana."

Akaacha kupepeta. Nadhani alikuwa amekwisha kuliona hilo kabla yangu na alitaka lisisemwe uani kwake. Sempombe aliinamisha kichwa akawa anakwangua tope kavu kwenye kiatu kwa kijiti.

"Sikulipanga mimi hilo," Bi Namsifu akasema. "Wala wewe. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Ndiyo."

"Nimezika kaka zangu wawili Mwaka wa Mapanga. Watu wakikaa wiki tatu kwa theluthi, unafikiri watakaa tu? Watamtafuta nani? Watakutafuta wewe, na baada yako watamtafuta yeye, kwa kuwa ndiye aliyelalamika. Utakuwa umemwokoa hivyo?"

Yalikuwa maneno ya kweli. Hilo ndilo lililonichosha. Kila aliyesema siku ile alisema kweli.

Nilitembea kufuata mfereji tangu shamba la kwanza mpaka la mwisho. Sikuwa natafuta kitu. Malango yalikuwa yanafunguka na kujifunga yenyewe, na maji yalikuwa yanapita chini ya ardhi kwa ule mlio wa tumbo. Watu walinisalimu. Mama mmoja aliniuliza kama ulimi wake unaweza kuhamishwa, anataka kupanda bamia pale. Nikamwambia hapana, ukishaota hauhami. Nilipofika kwangu, la kumi na mbili, niliona mahindi yamesimama vizuri, majani mapana, mbelewele zimejaa vumbi la manjano. Nilitegemea nitasikia aibu au hofu. Nilisikia njaa. Nikaingia ndani nikala kiporo cha makande, nikaosha sahani.

Nilifikiria njia ya wizi pia, nisionekane nimeisahau. Ningeweza kuzika majivu kuzunguka ulimi ule uonje ukavu. Lakini shamba likishafungwa Mgawaji hausikilizi ulimi wake mpaka siku ishirini ziishe. Na maji ya siku huwa ni yale yale. Kama angelifungua, yangetoka kwa mtu, na huyo mtu angekuwa Sempombe, kwa sababu yuko mwisho. Nikaacha.

Jioni, jua likiwa limebakiza kiasi cha kuchemsha chai, nilikwenda kwenye lango la thelathini na moja. Nakijwa alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa chini, amenyoosha miguu, kandambili kando.

"Bi Namsifu alipita," akasema.

"Amekuambia nini?"

"Debe tatu tatu. Amesema nitakuwa na mahindi kuliko mtu yeyote." Akafuta vumbi kwenye goti. "Nikamuuliza nitayaweka kwenye nyumba gani. Akasema Mungu yupo."

"Umemwambia nini?"

"Nimwambie nini? Mimi sikuombwa, nimejulishwa. Wewe je, umekuja kuniomba au kunijulisha?"

Nilifikiri jibu la kweli. "Sijui bado."

"Kama hujui mpaka saa hii, unajua." Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Elineema angesema nini, kwa maoni yako? Wewe ulikuwa rafiki yake."

"Angesema mtu asiumize arobaini na watatu kwa ajili yake."

"Ndiyo. Angesema hivyo." Akatikisa kichwa. "Alikuwa hodari wa kutoa vitu vya nyumbani kwetu. Lakini yeye amekufa. Shamba si lake. Hayo angesema yeye; mimi sijasema hivyo, shemeji. Ukumbuke kwamba mimi sijasema."

"Nitakumbuka."

Nikaweka kiganja juu ya lango.

"Habari za jioni, Fundi Kiangi. Umebakiwa na dakika kumi na moja. Je, ulimi wa thelathini na moja ulichomekwa katika udongo unaolimwa? Jibu ndiyo au hapana."

Niliangalia mahindi ya Nakijwa. Jua la jioni lilipita katikati ya majani yaliyojikunja mpaka upande wa pili, hakuna kilicholizuia. Shamba lenye afya halipitishi mwanga hivyo. Niliwaza kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni, dogo, halikuwa na uzito wowote. Niliwaza pia sura ya Sempombe akikwangua kiatu. Na niliwaza mahindi yangu. Siwezi kusema sikuyawaza.

"Ndiyo," nikasema.

"Rudia, tafadhali, kwa kumbukumbu."

"Ndiyo. Katika udongo unaolimwa."

"Ahsante. Lalamiko limefungwa. Lango litafunguka baada ya siku tisa. Mkulima anashauriwa kupunguza unyevu pembeni ya shamba."

Nakijwa akasimama, akavaa kandambili, moja kisha nyingine, akajipangusa nyuma. Sauti yake ilikuwa ileile ya asubuhi.

"Twende nyumbani, shemeji. Kuna watu wameingia kutoka Gonja, wamekuja na chupa zao. Watanawa halafu watakula."

"Waambie wamwage mahali pengine."

"Wapi? Mgawaji ameshasema ulimi uko sawa." Akaanza kutembea. "Watamwaga palepale mpaka arobaini."

Nikamfuata. Niliinamisha mikono juu ya beseni, mgeni mmoja akanimiminia maji kutoka kwenye chupa yake, kidogo kidogo kama mtu anayejua thamani yake, na mtu mwingine akachukua beseni akaenda kumwaga. Tulikula wali na maharage. Mama mkwe aliniombea dua kwa kuwa sikuwasahau.

Siku ya tisa lango lilifunguka. Maji yaliingia kwa muda wa karibu saa tatu na udongo ukayameza. Mabua hayakubadilika.

Wakati wa kuvuna nilikwenda kumsaidia. Tulipita mstari kwa mstari, ekari mbili zote, tukimenya kila hindi. Yenye punje yalikuwa kumi na manne. Mgawaji huhesabu mavuno kuanzia gunia moja. Nakijwa aliyaweka yale kumi na manne kwenye mzani wa lango hata hivyo, na lango likamshukuru, likasema hayatoshi.

Debe zilizoahidiwa zilikuwa mia moja na ishirini na tisa. Zilizofika ni sabini na moja. Sempombe alitoa tatu zake kamili, akazibeba mwenyewe kichwani kwa safari tatu. Mimi nilitoa sita. Bi Namsifu alitoa mbili, akasema ya tatu anakuja nayo.

Nakijwa na mama mkwe walipanda mlimani kwa ndugu wa mama mkwe, kwenye chumba kimoja. Walichukua debe arobaini, ndizo zilizobebeka. Zilizobaki zilipata fukusi. Kaburi la Elineema liko kwenye kona ya shamba lisilo na mwenyewe, na hakuna aliyeniuliza nani atalifyekea.

Maji ya shamba la thelathini na moja yalikuwa dakika mia moja na sabini na mbili kwa siku. Mgawaji aliyagawa sawa kwa mashamba arobaini na matatu yaliyobaki. Kila shamba liliongezewa dakika nne.

La kwangu pia, dakika nne.